Picha 23 na Klipu Tatu: Nilivyojifunza Kuediti kwa Ajili ya Bibi

Wanachuo wenzangu, wengi wetu tunaediti. Pita hosteli saa nne usiku, utamkuta mtu kajifunika shuka, simu usoni, anakata video ya bethidei ya rumeti wake. Na mimi nilijiona fundi, mpaka nilipopewa kazi ya nyumbani ikanishinda. Naandika ili wewe isikushinde.

Bibi mzaa mama alifariki kwetu Janga, karibu na Mlandizi, wilaya ya Kibaha. Mjomba yuko Muscat, mazishi hakuyawahi. Mama akaniambia, "Wewe si unajua mambo ya video? Mtengenezee mjomba wako kitu amwone mama yake." Nikakusanya kutoka kwa ndugu picha 23 na klipu tatu: moja ya sekunde 14, nyingine 9, nyingine 27. Nikafungua CapCut, nikamwaga maua yanayozunguka, nyota, na wimbo wa huzuni juu yake. Usiku mmoja tu, kazi imekwisha. Mama akaangalia hadi mwisho, akanirudishia simu: "Maua nimeyaona. Mama yangu sijamwona."

Nilinuna siku mbili. Kisha nikaanza upya, safari hii taratibu.

Cha kwanza ni malighafi. Picha ukitumiwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa zinabanwa ili zisile bando; ukizikuza zinakuwa ukungu mtupu. Nikaomba zitumwe tena kama dokumenti, maana hapo faili linakuja kama lilivyo. Zile za albamu nilizitoa kwenye nailoni yake inayong'aa, nikaziweka karibu na mlango pasipopigwa na jua moja kwa moja, nikazima flashi, nikashika simu sambamba na picha. Halafu nikanakili kila kitu sehemu mbili kabla ya kukata chochote. Simu inaibiwa, jamani.

Cha pili, karatasi kabla ya simu. Mwanzo nilizipanga picha kwa miaka, ikawa kama nasoma wasifu wa kuombea kazi. Nikapanga kwa mahali: shambani, jikoni, harusini, kibarazani. Kisha nikapiga hesabu. Picha 23 kwa wastani wa sekunde nne ni sekunde 92. Klipu zote ni 50. Jumla 142, yaani dakika 2 na sekunde 22. Wastani, nasema. Picha ya mtu mmoja, sekunde tatu zinatosha. Picha ya ukoo mzima iache hata sita, maana mtazamaji anatafuta nani ni nani.

Cha tatu ni kukata, na hapa ndipo penye shule. Takriban miaka 100 iliyopita, Mrusi Lev Kuleshov alichukua uso uleule wa mwigizaji, akaufuatanisha na sahani ya supu, kisha na jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa mara ya kwanza, huzuni mara ya pili, ilhali uso haukubadilika hata kidogo. Mimi nilikuwa na picha ya Bibi akitazama pembeni, macho yamelegea. Nikaiweka baada ya picha ya mjomba akiwa na mabegi uwanja wa ndege. Lo! Bibi akaonekana anamlilia mwanawe aliyemwacha. Kumbe siku ile alikuwa anamwangalia mbuzi. Nikaitoa pale haraka. Mpangilio unasema jambo hata usipoandika neno, na unaweza kumsingizia mtu.

Madoido ya kuvukia kutoka picha hadi picha niliyafuta karibu yote. Kata moja kwa moja. Picha moja kuyeyukia ndani ya nyingine niliiweka sehemu mbili tu, pale muda unapopita. Kwa picha zilizotulia nilitumia mwendo wa polepole kuelekea usoni, ule uliopewa jina la Ken Burns, mtengenezaji wa filamu wa Marekani. Polepole kweli. Mtazamaji akiugundua, umezidisha.

Cha nne, sauti. Ile klipu ya sekunde 27 nilikuwa nimeitupa. Binamu yangu aliirekodi bila kujua. Inaonyesha mkeka na kisigino cha mtu, basi. Lakini nyuma yake Bibi anamenya mihogo, kuku wanalia, naye anasema, "Mkila mbakishe, kuna mtu anaweza akaja." Nikaitenganisha sauti na picha zake, nikaitandaza chini ya picha saba za kibarazani. Wimbo nikaufuta. Kwanza ni mali ya mtu, na tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Pili, ulikuwa unawaamrisha watu walie.

Cha tano ni cha kuacha. Kulikuwa na picha ya wodini. Mama mdogo akasema, "Hiyo hapana, mwenyewe asingekubali." Kwa kuwa mwenyewe hayupo kuulizwa, neno la wanawe likatosha. Zikabaki 22. Muda wake nikaupa picha ya ukoo.

Mwisho, kutoa video. Kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, kila sekunde inakula megabaiti moja, hivyo sekunde 142 ni kama megabaiti 142. Nilishusha hadi megabiti 4, ikawa kama 71, na kwenye kioo cha simu tofauti sikuiona. Kabla ya kutuma, itazame yote bila sauti, kisha isikilize bila kuitazama. Makosa yanajitokeza yenyewe.

Mama aliitazama mara mbili, hakusema kitu, akaniambia nitume. Mjomba alijibu kesho yake kwa ujumbe mfupi: "Ile sauti ya mama, nitumie peke yake."