Range Rover ya Kale: Raha Yake na Kiu Yake

Msomaji, huenda nawe waitamani Range Rover ya kale, iliyozinduliwa Uingereza mwaka 1970 na kuundwa hadi 1996. Raha yake si hadithi. Magurudumu yote manne yana springi za koili, si vile vyuma bapa vya malori. Mashimo hulainika, na dereva huketi juu kama nahodha.

Lakini injini yake ya awali, V8 ya lita 3.5, ina kiu. Husukuma zaidi ya tani moja na nusu, tena ikizungusha magurudumu yote manne daima. Mjini, lita 20 kwa kilomita 100 si ajabu.

Basi kabla ya kununua, piga hesabu ya petroli ya mwezi mzima, starehe isije ikawa israfu. Ukipenda boga, penda na ua lake.