Wallenstein: jemadari aliyepigana kwa mkopo

Albrecht von Wallenstein, aliyezaliwa mwaka 1583 katika ukoo wa kikabaila usio na ukwasi huko Bohemia, husifiwa kama bingwa wa Vita vya Miaka Thelathini. Naamini kilichompandisha ni mkoba wake kuliko upanga. Mwaka 1625 Ferdinand wa Pili, Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma, alizungukwa na maadui huku hazina ikiwa tupu, ndipo Wallenstein alipojitolea kumuundia jeshi. Mtaji alikuwa nao. Mjane tajiri aliyemuoa mwaka 1609 alimwachia mashamba Moravia, na uasi wa Bohemia ulipozimwa alinunua kwa bei ya kutupa ardhi walizonyang'anywa waasi, tena kwa sarafu zilizochakachuliwa ambazo yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wabia wa kuzifua. Pengo lililobaki alikopeshwa na Hans de Witte, mwenye benki wa Prague. Milki yake ya Friedland ikawaokea askari mikate, ikawashonea viatu na kuwatengenezea baruti, naye akaliuzia bidhaa hizo jeshi lake mwenyewe. Kila mji uliopitiwa na jeshi hilo ulitozwa, uwe wa rafiki au wa adui, kwa hiyo deni lote hatimaye lilimwangukia mkulima wa Kijerumani.

Wako watakaonikumbusha daraja la Dessau, alipomshinda Mansfeld, jemadari wa upande wa Waprotestanti, mwaka 1626. Ni kweli, ila hapo alimngoja adui nyuma ya mahandaki na mizinga. Mji wa Stralsund aliouzingira ulimshinda mwaka 1628, na kule Lützen mwaka 1632 aliondoka usiku akaacha mizinga yake, ingawa mfalme wa Sweden, adui yake vitani, aliuawa siku hiyo. Ushahidi mzito zaidi ni huu: Kaisari alimfukuza mwaka 1630, de Witte akafilisika na kujitosa kisimani, na haukupita muda mrefu Ferdinand akamrudisha kwa kukosa mwingine wa kukusanya jeshi upesi vile.

Wengine husema aliangushwa na usaliti. Mazungumzo ya siri na Wasweden yalikuwepo, siyakatai. Lakini Januari 1634, mjini Pilsen, maofisa wake karibu hamsini walitia saini kuwa hawatamwacha, kwa sababu makanali walikuwa wamegharimia vikosi kwa fedha zao na yeye ndiye aliyekuwa mdhamini wao. Kaisari alipomvua madaraka, dhamana hiyo ilikufa, na wengi wakahama. Tarehe 25 Februari kapteni Walter Devereux alimchoma mkuki chumbani mwake huko Eger. Ardhi zake ziligawiwa maofisa waliomgeuka, na Friedland ikawa ya Matthias Gallas.