Kipimo na Tiba Visafiri Katika Chombo Kimoja

Mwanamke anayeishi Kibeta, katika Manispaa ya Bukoba, akiamua asubuhi kwenda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, aweza kufika hospitali ya mkoa, akapimwa, na akarudi nyumbani kabla jua halijachwa. Mwenzake anayeanika dagaa kisiwani Goziba, katika Wilaya ya Muleba, hana nafasi hiyo. Yampasa kwanza kupata nauli, kisha kupata chombo, kisha kungoja upepo utulie. Afikapo nchi kavu hutafuta gari na mahali pa kulala, na huku nyuma biashara yake hubaki bila mwangalizi. Wanawake hawa wawili ni wa mkoa mmoja na wana haki moja, lakini ziwa limewatenga. Na katika ugonjwa huu kutengwa huko ni jambo la kufa na kupona.

Neno tunalotaka kulisema leo, kwa ndugu zetu wa visiwani na kwa viongozi waliokabidhiwa afya yao, ni fupi: kwa mtu wa kisiwani, kipimo na tiba havina budi kusafiri katika chombo kimoja.

Yafaa kwanza ugonjwa wenyewe ueleweke. Saratani hii, karibu kwa kila mgonjwa, huletwa na virusi vya papiloma, ambavyo waganga huviita kwa kifupi HPV. Mwanasayansi Harald zur Hausen wa Ujerumani pamoja na wenzake ndio waliozitambua katika uvimbe wa saratani hiyo aina mbili za virusi hivyo zilizo hatari zaidi: aina ya 16 mwaka 1983, na aina ya 18 mwaka 1984. Aina hizo mbili peke yake husababisha kiasi cha wagonjwa 70 katika kila 100. Kazi hiyo ilimpatia mtaalamu huyo Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Virusi hivi huenea kwa kujamiiana, navyo vimeenea mno, hata watu wengi hukutana navyo wakati mmoja au mwingine wa maisha yao. Kwa walio wengi mwili huvifukuza wenyewe katika muda wa mwaka mmoja au miwili bila mtu kujua lolote. Kwa wachache hung'ang'ania, na huko kung'ang'ania ndiko kunakozaa saratani. Kwa hiyo kuambukizwa si ushahidi wa uasherati. Anayemcheka mwenzake aliyekutwa navyo huenda naye anavyo.

Tangu chembe za mlango wa kizazi zianze kuharibika mpaka zigeuke saratani, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Ni magonjwa machache yanayompa binadamu muda mrefu namna hiyo wa kujitetea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa huonekana miaka mingi kabla ukuta haujaanguka. Hata hivyo, kwa makadirio, wanawake zaidi ya 10,000 hupata saratani hii Tanzania kila mwaka, na zaidi ya 6,500 hufariki. Wengi wao hufika hospitali wakati ugonjwa umekwisha komaa. Mama atokwaye na damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, au atokwaye na uchafu wenye harufu mbaya, asingoje hata siku moja.

Mkoa wa Kagera una sababu ya pekee ya kulishughulikia jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983, na maambukizo katika kambi za wavuvi wa Ziwa Viktoria yamekuwa makubwa kuliko ya nchi kavu. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI yumo katika hatari ya kupata saratani ya mlango wa kizazi mara sita kuliko mwenzake, na kwake ile miaka 15 hadi 20 yaweza kupungua ikawa 5 hadi 10. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lashauri wanawake kwa jumla waanze kupimwa wafikapo miaka 30, lakini wale wanaoishi na virusi vya UKIMWI waanze wakiwa na miaka 25. Basi mahali penye hatari kubwa ndipo palipo mbali zaidi na kipimo.

Kipimo chenyewe si cha kutisha. Mhudumu aliyefunzwa huupaka mlango wa kizazi maji hafifu ya siki, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama. Sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Ikiwa dalili hizo bado ni za awali, mara nyingi mhudumu huyo huyo aweza kuzitibu pale pale kwa tiba mgando au kwa chombo cha joto chepesi kubebeka, na mama akaenda nyumbani siku hiyo hiyo. Kazi hiyo haihitaji jumba la ghorofa wala daktari bingwa.

Kipo pia kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, nacho hutambua hatari mapema zaidi. Uzuri wake ni kwamba mwanamke aweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani, jambo linalowaondolea wengi aibu. Lakini sampuli hiyo hupelekwa maabara, na hapo ndipo shida ya visiwani inapoanza. Watu wa kambi huhama wakifuata samaki: leo wako Bumbire, mwezi ujao wako Ikuza. Karatasi ya majibu inayomngoja mtu aliyekwisha hama haimponyi. Ama mashine ya kupimia isafiri na wahudumu na majibu yatolewe siku hiyo hiyo, ama pawe na njia ya hakika ya kumfuata kila mama popote alipohamia. Bila hivyo tutahesabu waliopimwa, na waliopona hatutawaona.

Kwa viongozi wa Muleba tuna mashauri manne, nayo hayahitaji hazina kubwa.

La kwanza, kalenda ya huduma ifuate kalenda ya kisiwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mchana wake akina mama huwa wameinama kwenye vichanja na mchanga. Mbalamwezi ifikapo, taa haziwavuti tena dagaa na kazi hupungua. Chombo cha afya kifike siku hizo, kwa makubaliano na vikundi vya usimamizi wa uvuvi, maana wao ndio wajuao ni nani yuko kambini na ni nani amekwenda kwao.

La pili, chanjo iwafikie wasichana wote. Serikali ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili. Tangu Aprili 2024 hutolewa dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ushahidi uliowezesha badiliko hilo ulitoka kwa sehemu katika kanda yetu hii: utafiti wa wasichana 930 ulioanza Mwanza mwaka 2017, na utafiti wa Kenya uliotolewa mwaka 2022, vyote vilionyesha nguvu ya dozi moja. Kwa kisiwa, dozi moja maana yake ni safari moja. Lakini msichana asiyesoma hatapatikana darasani. Lazima atafutwe kambini. Uvumi kwamba chanjo huleta ugumba hauna ukweli wowote. Na kwa kuwa chanjo haiondoi maambukizo yaliyokwisha ingia, mama wa msichana huyo bado anahitaji kupimwa.

La tatu, njia ya rufaa iandaliwe kabla ya kipimo kuanza. Atakayekutwa na saratani yenyewe atahitaji hospitali kubwa, kama Bugando mjini Mwanza au Ocean Road mjini Dar es Salaam. Kumwambia mtu kwamba ana saratani na kisha kumwacha ufukweni bila nauli si huduma.

La nne, hesabu zitolewe kisiwa kwa kisiwa. Mataifa yamekubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa, wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa, na 90 katika kila 100 waliokutwa na ugonjwa wawe wametibiwa. Wilaya yaweza kuyakaribia malengo hayo kwa nguvu ya vijiji vya nchi kavu peke yake, na Goziba, Mazinga na Kerebe vikapotea ndani ya wastani.

Kwenu akina baba, virusi hivi hupita kwenu pia, na vyaweza kuwaletea ninyi saratani ya koo na ya uume. Utafiti uliofanywa Rakai, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Uganda, ulionyesha kwamba tohara hupunguza maambukizo kwa mwanamume na kwa mwenzi wake. Zaidi ya hayo, mitumbwi ni yenu na nauli mara nyingi ni yenu. Mume amwambiaye mkewe aende kupimwa, na akabaki na watoto siku hiyo, amefanya kazi ya uganga.

Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Wakati ule nchi ilikuwa maskini kuliko leo. Tulichokuwa nacho ni nia ya kumfikia kila mtu mahali alipo. Nia hiyo ndiyo tunayoidai leo kwa ajili ya mwanamke wa Goziba, ili apate kile anachokipata mwenzake wa Kibeta.