Bonasi Imeingia? Soma Hii Kabla Hujabeba "Plasma" Nyumbani

Wasee wa Mlima, tuongee ukweli. Bonasi ya majani chai ikiingia, pale Septemba ama Oktoba, Othaya na Karatina hujaa watu wenye shughuli tatu: mabati, ng'ombe na TV. Mabati ni ngumu kukosea. Ng'ombe utaenda na jirani anayejua. Lakini TV? Mtu anaingia dukani, anaona ile inang'aa kushinda zingine, anatoa doo, anaipandisha kwa matatu. Akikosea, bonasi nyingine ni mwaka ujao.

Najua ju nilifanya hivyo, na haikuwa hata doo yangu. Ilikuwa ya mathe. Yeye huchuna majani huko juu kabisa, karibu na msitu wa Aberdare. Alinituma mjini na maagizo mawili tu: iwe kubwa, na ionyeshe habari za saa moja. Nikarudi na plasma ya inchi 42, ex-UK, bei ya kutupa. Nilijiona mjanja. Ndani ya mwezi mmoja ile TV ilikuwa imenifunza mambo matatu.

Somo la kwanza: plasma haipendi mlima

Huku kwetu kila TV bapa tunaiita plasma. Lakini plasma ni aina moja tu, na ni ya kitambo. Ndani ya skrini yake kuna vyumba vidogo sana vya kioo vilivyojazwa gesi. Stima ikipita, gesi inawaka na picha inatokea. Shida ni kwamba presha ya hiyo gesi ilipangwa kwa watu wanaoishi chini. Ukipanda juu, hewa ya nje inakuwa nyepesi, kioo hakibanwi vizuri, kinaanza kutetemeka na kuvuma.

Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya bahari. Nanyuki iko karibu 1,950, na Nyahururu inapita 2,300. Plasma nyingi huanza matata zikikaribia mita 2,000. Usiku wa kwanza mathe aliniuliza, "Hii ni TV ama umeniletea posho mill?" Nilidhani ni spika. Kumbe ni mlima.

Panasonic iliacha kutengeneza plasma mwisho wa 2013, Samsung na LG zikafuata baadaye kidogo. Kwa hivyo plasma yoyote utakayoonyeshwa leo ni mzee, hata kama imepanguswa ikang'aa.

Somo la pili: bei ya dukani si bei yote

Plasma ya inchi 42 inaweza kula wati 250. LED ya inchi 43 mara nyingi inakula chini ya 100, tuseme 80. Piga hesabu ya masaa matano kwa siku, siku 30. Plasma inamaliza karibu uniti 37. LED inamaliza 12.

Sasa kumbuka tangu bei mpya za stima za Aprili 2023, wateja wanaolipa bei ya chini kabisa nyumbani ni wale hawapitishi uniti 30 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba plasma pekee, kabla hujawasha hata balbu moja, inamtoa mathe kwa hiyo bei nafuu. TV ya bei rahisi inaendelea kukulipisha kila ukinunua tokeni.

Somo la tatu: angalia herufi DVB-T2

Hii ndio iliniuma kabisa. Tuliweka antena, tukatafuta chaneli, ikapata sufuri. Unakumbuka Februari 2015, wakati Citizen, NTV na KTN zilipotea hewani tukakaa siku nyingi bila habari? Hiyo vita ilikuwa ya kuhama kutoka analogi kwenda dijitali. Dijitali ya Kenya inatumia mfumo unaoitwa DVB-T2. TV ikiwa nayo ndani, unachomeka antena na unaona chaneli za bure bila dikoda.

TV nyingi za zamani kutoka Uingereza zina stika ya Freeview peke yake. Hiyo ni DVB-T ya kwanza, na huku haishiki kitu. Ile yenye stika ya Freeview HD ndio iko na DVB-T2. Tofauti ni herufi mbili, lakini ilinigharimu dikoda.

Na kama uko na cousin Marekani anataka kukutumia TV, mwambie angalie nyuma kwanza. Nyingi za huko zimeandikwa volti 120 pekee, na stima yetu ni 240. Ukichomeka hivyo hivyo utasikia "pop" halafu giza. Hata ikikubali stima, mfumo wao wa antena ni tofauti na wetu.

Sasa LED, QLED, OLED ni nini?

Usitishwe na majina. LED ni skrini ya LCD yenye taa ndogo ndogo nyuma. LCD yenyewe haitoi mwanga, inafanya kazi kama pazia nyingi ndogo zinazofungua na kufunga mbele ya taa. Zile LCD za kitambo zilitumia taa za tyubu, ndio maana zilikuwa nene na zinakula stima zaidi. LED ndio imejaa kwa maduka na inatosha nyumba nyingi. Ikiharibika, pia fundi anaijua: ukisikia sauti na huoni picha, mara nyingi ni taa za nyuma, zinabadilishwa. Lakini skrini ikipasuka, hiyo ni kwaheri, ju mpya inakaribia bei ya TV nzima.

QLED bado ni LCD yenye taa nyuma. Imeongezewa tu tabaka linalofanya rangi ziwe kali zaidi. Ni poa kama sebule yako ina dirisha kubwa na jua linaingia. Lakini usiuziwe kama OLED, hizo ni vitu tofauti.

OLED haina taa nyuma. Kila nukta inawaka na kuzima yenyewe, kwa hivyo nyeusi inakuwa nyeusi ya ukweli. Picha ni noma, bei pia ni noma. Halafu nembo ya chaneli ikikaa mahali pamoja masaa mengi kila siku, inaweza kubaki imechorwa kwa skrini. Kama ni TV ya kinyozi ama hoteli inayoonyesha chaneli moja kutoka asubuhi hadi usiku, achana nayo. Chukua LED.

Na 4K je? Chaneli za bure za antena hazirushwi kwa 4K. Ukitaka kuiona 4K unahitaji intaneti, na Netflix inaweza kumeza hadi GB 7 kwa saa moja ikiwa kwa kiwango hicho. Kama unategemea bando la simu, filamu moja itakumaliza. Ikiwa kwenu ni habari, mechi na vipindi vya jioni, Full HD haitakuangusha.

Inchi ngapi?

Inchi hupimwa kutoka kona hadi kona ya skrini, si upana. TV ya 43 ina upana wa karibu sentimita 95, ya 55 karibu 122. Pima wall unit kabla hujatoka nyumbani. Kuna watu wamebeba 55 hadi Kerugoya halafu wakatafuta seremala. Ukikaa mita mbili kutoka ukutani, 43 inatosha. Chumba kimoja cha bedsitter, 32 iko sawa.

Kabla hujalipa

Mwambie muuzaji achomeke antena na atafute chaneli ukiwa hapo. Angalia skrini ikiwa nyeupe yote, halafu nyeusi yote. Doa, mstari ama kona yenye giza, rudisha hapo hapo. Chukua risiti na kadi ya waranti. Anayekataa kuandika risiti amekujibu tayari.

Nunua TV guard pia. Stima ikipotea na kurudi kwa nguvu, hiyo ndio inasimama kati ya bonasi yako na moshi. Ngurumo zikianza, chomoa waya wa stima pamoja na ule wa antena. Na kama unaishi bondeni, kilima kikiwa kati yako na mtambo wa matangazo, usilaumu TV haraka. Inua antena kwanza, hata kwa mlingoti wa mti.

Mathe sasa yuko na LED ya 43, Full HD, DVB-T2 ndani. Haina kelele na habari za saa moja hazimpiti. Ile plasma nilitaka kuiuza, akakataa. "Utampatia mtoto wa mtu mwingine hii shida?" Iko stoo, chini ya magunia ya mbolea.

Kwa hivyo ukipata bonasi, andika kwa karatasi: upana wa wall unit, umbali wa kiti, DVB-T2, volti 240. Halafu ndio upande matatu ya mjini.