Vyama vya Mazingira Vyuoni: Baada ya Siku ya Upanzi

Miongoni mwa vyama vinavyowavutia wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Kenya ni vile vya mazingira na matembezi ya nyikani. Mwanafunzi hulipa ada ndogo, akavaa fulana yenye picha ya mti, na pengine kabla ya mwaka kwisha huwa amepanda mche mmoja na kukwea Longonot. Makala haya yanaeleza chimbuko la vyama hivyo na namna vinavyofanya kazi. Yanashikilia kwamba chama cha aina hii kipimwe kwa miche iliyoishi, wala si kwa miche iliyotiwa udongoni mbele ya wapiga picha.

Chimbuko lake limo katika shule za upili. Mnamo 1968 wanafunzi wa shule hizo waliasisi Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya, wakati ambapo Wakenya wengi waliziona mbuga kuwa mahali pa watalii. Chuoni nako, Wangari Maathai alikuwa mhadhiri wa anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi alipoanzisha upanzi uliozaa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Tarehe 5 Juni 1977 miti saba ilipandwa katika uwanja wa Kamukunji. Ni michache tu kati yake iliyostawi. Baadaye vuguvugu hilo likaweka utaratibu wa kuwalipa wanawake kijisehemu cha fedha kwa kila mche ulioshika. Utaratibu huo ni mdogo, lakini ndio uliogeuza sherehe kuwa kazi.

Itakumbukwa pia kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu wamewahi kuutetea msitu kwa miili yao. Mwaka wa 1998 ilibainika kuwa sehemu za msitu wa Karura, kaskazini mwa Nairobi, zilikuwa zimegawiwa watu binafsi ili wajenge. Tarehe 8 Januari 1999 Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti huko, wakashambuliwa na walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Mwishoni mwa mwezi huo wanafunzi waliandamana, wakakabiliana na polisi, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungwa. Mnamo Agosti 1999 Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Yamkini wengi wa waandamanaji wale hawakuwa na kadi ya chama chochote cha mazingira, jambo ambalo viongozi wa vyama vya leo wangelitafakari.

Swali linaloibuka ni hili: kwa nini ari kama hiyo haionekani katika utunzaji wa miche michache iliyo nyuma ya mabweni? Jibu halimo katika uvivu. Limo katika kalenda. Aghalabu upanzi hufanywa wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Wanafunzi huenda likizo, kisha kiangazi cha Januari na Februari huikuta miche ikiwa na mizizi mifupi na haina wa kuinywesha. Fauka ya hayo, uongozi wa chama hubadilika kila mwaka, na mwanachama mwenyewe hukaa chuoni miaka minne tu. Mti huhitaji kumbukumbu ndefu kuliko ile ya kamati.

Anayebaki ni mfanyakazi wa bustani. Huyu ndiye ajuaye mfereji uliokauka na mahali mbuzi wa jirani wanapopenyea, ilhali mikutano ya chama huendeshwa kwa Kiingereza na yeye haalikwi. (Mabango ya miti nayo, pale yalipo, mara nyingi huwa ya Kilatini na Kiingereza.) Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi ambayo hajaichukua. Msamiati upo: kitalu, mche, matandazo, kupalilia, kupogoa. Majina ya miti yapo pia, kama vile muhugu na mtarakwa.

Matembezi ya nyikani yasichukuliwe kuwa anasa iliyobandikwa kwenye kazi hiyo. Wanachama wanaofika kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, huiona kwa macho yao barafu ya Lewis, ambayo imebaki sehemu ndogo ya ilivyokuwa karne moja iliyopita. Hakuna mhadhara unaofikia hapo.

Kinachohitajika chuoni si ghali: daftari moja linalosalia na mlezi wa chama, lenye jina la kila mche kwa Kiswahili, tarehe ya kupandwa, na jina la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekabidhiwa. Mwanafunzi huyo anapofika mwaka wa nne, hutafuta mrithi na kwenda naye hadi mche ulipo, mfanyakazi wa bustani akiwapo.