Rekodi za Waamuzi wa Kriketi

Aleem Dar wa Pakistan amesimamia mechi nyingi za kimataifa kuliko mwamuzi mwingine yeyote wa kriketi. Machi 2023, alipoondoka kwenye jopo la juu la waamuzi wa Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC), alikuwa amepita mechi 430. Rekodi ya mechi za Test, zile za siku tano, aliichukua Perth, Australia, Desemba 2019, aliposimama uwanjani kwa mara ya 129.

Ili kuelewa uzito wa tarakimu hizo, tazama kazi yenyewe. Siku moja ya Test hupangiwa ova 90, yaani mipira 540. Waamuzi wawili hupokezana ova kwa ova. Kwa miaka mingi ya Dar, aliyesimama upande wa mrushaji alitakiwa kwanza kuangalia chini kama mguu wa mrushaji umevuka mstari, kisha papo hapo ainue macho hadi mita 20 mbele aone mpira umegusa gongo, umegonga mguu, au umepita bila kugusa kitu. Katika Kombe la Dunia la 2011, maamuzi 15 ya Dar yalipingwa na kurudiwa kwenye video. Hakuna hata mmoja uliobatilishwa. Mimi naiweka rekodi hiyo juu ya zile mechi 430.

Sheria ya waamuzi wasiofungamana na upande wowote ilimfanya azunguke dunia nzima kabla ya kusimamia Test nyumbani. Alianza Dhaka mwaka 2003; Pakistan ilimpata Karachi, Januari 2021, baada ya masharti kulegezwa kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko.

Aliyepokonywa na Dar rekodi hiyo ya Test ni Steve Bucknor wa Jamaika, mwamuzi wa kwanza kufikisha Test 100. Bucknor alisimamia fainali tano za Kombe la Dunia mfululizo, kuanzia 1992 hadi 2007, na kabla ya hapo alikuwa pia mwamuzi wa soka wa FIFA.

Simon Taufel wa Australia alitajwa mwamuzi bora wa dunia miaka mitano mfululizo, 2004 hadi 2008. Hata hivyo fainali ya 2007 hakuisimamia, kwa kuwa nchi yake ilikuwa ikicheza. Alisubiri hadi 2011, Mumbai, mwaka ambao Australia ilitolewa mapema.

Kwa upande wa wanawake, Claire Polosak, naye wa Australia, alikuwa wa kwanza kusimama uwanjani kuamua mechi ya kimataifa ya wanaume ya siku moja: Namibia na Oman, Windhoek, Aprili 2019.

Huku kwetu kuna Subhash Modi wa Kenya. Mwanawe, Hitesh, aliichezea timu ya taifa wakati baba ni mwamuzi wa kimataifa, na zaidi ya mara moja wakakutana uwanjani. Nairobi, mwaka 2006, Kenya ikicheza na Bangladesh, mpira ulimgonga Hitesh mguuni mbele ya wiketi. Wabangladeshi wakadai. Mzee Modi akainua kidole: mwanawe katoka. Uamuzi wa aina hiyo hauna jedwali la takwimu, lakini kila orodha ya waamuzi wakubwa inapaswa kuwa na nafasi ya Subhash Modi.