Je, Wajua? Vibao vya barabarani vinavyoibwa kwa kupendwa

Kwenye barabara kuu ya I-70 huko Colorado, Marekani, kiliwekwa kibao cha maili kilichoandikwa 419.99. Kile cha namba 420 kiliondolewa. Wapenzi wa bangi wameifanya namba hiyo nembo yao, basi walikuwa waking'oa kibao chake na kutokomea nacho. Ndipo wakuu wa barabara wakapunguza sehemu moja ya mia ya maili. Busara iliyoje!

Kule Penny Lane, mtaa wa Liverpool, Uingereza, ulioimbwa na bendi ya Beatles, vibao viliibwa mno hata jina likapakwa rangi ukutani.

Lakini kibao kinachopendwa hakiibwi tu. Jimbo la Nevada, Marekani, lina Barabara Kuu ya Viumbe wa Anga za Mbali, iliyopewa jina hilo mwaka 1996. Wageni wamekuwa wakikibandika kibao chake stika tele hadi maandishi yakafichika.